Kamlesh, Aliyekataa Chuma Ndani ya Jiwe

Ngo! Kidole cha marehemu Kamlesh kikigonga jiwe: huo ndio mlio ambao nyumba yake ya Alum Rock, hapa Birmingham, itaukosa. Jiwe zima huitika kwa sauti kali. Lenye ufa huitika kama mtungi mbovu. Ndivyo alivyofundishwa, na mazoea hayo hakuyaacha hata alipochagua papai.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, Makadara, Mombasa, mtoto wa pili wa mwashi. Alisoma hukohuko hadi kidato cha nne, mwaka 1966, kisha akapelekwa Gujarat kwa babu yake, fundi na mtunzaji wa hekalu la Kihindu lililojengwa yapata miaka mia tisa iliyopita. Kwa miaka miwili alilipima kwa kamba: ukumbi wa nguzo arobaini na nne zilizochongwa wacheza ngoma, chumba cha ndani kabisa, kidogo, chenye giza, anamokaa mungu, na juu yake mnara uliopanda kama vilima vilivyobebana. Hapakuwa na saruji wala chuma. Mawe yalichongwa meno na matundu, yakaumana, na uzito wake wenyewe ukayafunga. Matetemeko mawili yalipita, hekalu likabaki. "Ukitia chuma," babu alimwonya, "kitakunywa maji, kitavimba, kitalipasua jiwe."

Mwaka 1971 alifika Birmingham. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda kidogo cha kuyeyusha na kusubu chuma, mtaa wa Saltley.

Mkewe, Mwanakhamis, alimkuta dukani Alum Rock Road akigonga nazi moja baada ya nyingine.

"Kaka, unazibishia hodi?" alimwuliza. "Ikiitika moja utakimbia!"

"Ikiitika nitakuletea wewe, dada. Mimi sijui kupika."

Walioana tarehe 2 Agosti 1975. Jamaa za pande zote mbili hawakuhudhuria. Lugha ya nyumba yao ikawa Kiswahili.

Mwaka 2004 kamati ya waumini wa Kihindu ilimwomba michoro ya hekalu jipya hapa mjini, kwa mfano wa lile la babu yake. Aliichora miaka mitatu kwenye meza ya jikoni, na Mwanakhamis akila chakula chake ngazini ili karatasi zisiguswe. Wakati wa ujenzi, kamati iliamua kupitisha vyuma katikati ya nguzo ili kazi iishe kabla ya sikukuu ya Diwali. Marehemu alikataa. Mwenyekiti, Bwana Sanjay, akamjibu mbele ya watu, "Kamlesh bhai, ndugu yangu, chuma kimekulisha miaka yote hii, leo unakiogopa?" Walicheka. Vyuma vikatiwa.

Mwaka 2019 nguzo sita zilipasuka. Waumini waliandikiwa barua kwamba kosa lilikuwa katika michoro ya Bwana Kamlesh. Aliandika mara tatu kujitetea, hakujibiwa. Watu aliokula nao kwenye harusi zao walivuka barabara wasimsalimie. Mwaka 2023 wahandisi walifungua nguzo moja, wakakuta chuma kimevimba kwa kutu. Taarifa yao ilisomwa kwenye kamati, kisha ikafungiwa kabatini. Barua ya pili, ya kumsafisha jina, haijaandikwa hadi leo. Wanakamati wamekaa safu ya pili hapa msibani, na mjane ameomba aya hii isomwe polepole.

Ugonjwa wa mapafu uligunduliwa Novemba 2024. Binti yake, Jyoti, alikwenda mara mbili kuiomba kamati barua hiyo, ili baba yake aisome akiwa hai. Aliambiwa asubiri mkutano mkuu. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2025, siku kumi na mbili kabla ya mkutano huo.

Ameacha mjane, Mwanakhamis, binti, Jyoti, mkwe, Rashad, na mjukuu mmoja, Iman. Apate huko aendako utulivu alionyimwa hapa.

Asubuhi ile ya mwisho aligonga ukuta kando ya kitanda, mara moja, akasikiliza. Mwanakhamis aliinama ili amsikie.

"Mama Jyoti," alisema, kwa sauti ndogo sana, "jiwe halikuwa na kosa."