Utepe Mwekundu wa Darasa la Tatu

Mgeni rasmi, mtaalamu wa elimu, sisi bibi na babu tunaolea wajukuu wa darasa la tatu tunakukaribisha. Keti. Kiti hicho hata sisi tumekiona leo. Mwalimu mkuu alitaka kuipitia risala hii kwanza, tukamwambia wino haujakauka.

HISTORIA
Shule hii imetutolea wasomaji wengi kwa ubao na chaki. Mwaka huu ikaja nadharia yako: yupo mtoto anayejifunza kwa macho, yupo wa masikio, yupo wa mikono. Wakavalishwa tepe. Macho bluu, masikio kijani, mikono nyekundu.

MAFANIKIO
Tunashukuru, sakafu inang'aa. Wa mikono ndio wanaoipiga deki.

CHANGAMOTO
Mimi mwandishi nina mjukuu wa kike, tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyosema. Kavalishwa nyekundu. Wenzake wa macho wanasoma vitabu, yeye anakata makaratasi. Nikamwuliza, "Walikupimaje?"

"Waliniuliza napenda nini, bibi. Nikasema kusuka nywele."

"Na mtoto wa mwalimu mkuu?"

"Alisema katuni. Akawa Macho."

Nikamfuata mwalimu mkuu. Akacheka, "Bibi, hii nadharia ni nzito kidogo kwako." Haya. Mbona basi watoto wa mafundi na wafua nguo wote ni mikono? Mvua gani hii inayochagua paa?

Mimi ni fundi cherehani. Nilijifunza kwa kutazama, kuambiwa na kujichoma sindano. Masikio yangu hayakuambiwa yasubiri nje. Shule niliiachia darasa la tatu, mwalimu aliposema mikono yangu ina akili kuliko kichwa. Kwa hiyo ngoma ni mpya, ila wimbo naujua.

MAOMBI
Hatukatai elimu yako. Pengine uliituma nzima, ikavunjikia njiani. Tunaomba tepe zivuliwe leo, wewe ukiwa hapa, siyo ukishaondoka. Na kila mtoto apewe kitabu.

Risala hii nimeiandika siku nne. Anayekusomea ndiye Chiriku mwenyewe. Nilimfundisha kila jioni kando ya cherehani: macho kwenye herufi, sikio kwangu, kidole kwenye mstari.

Mtazame kifuani, mgeni rasmi. Utepe wake ni rangi gani?

Mola akufikishe kwako salama, na ukifika asikusahaulishe.

Ni sisi,
Bibi na Babu Walezi wa Darasa la Tatu