Melkizedek Herman, Fundi Asiyepaka Saa Rangi

Wachungaji wetu, viongozi wa kitongoji, ndugu na majirani mliofika kutufariji, wakubwa shikamooni. Mjane, Mama Costancia, ametuagiza tumsome mumewe kama alivyokuwa, tusimpambe, na shemeji wa marehemu, Alex, anayewasomea haya, ameahidi kutii ingawa utani unamwasha mdomoni.

Melkizedek Herman alizaliwa tarehe 14 Juni 1953 huko Mamboya, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Herman na Mama Perpetua, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akateremka Kilosa mjini kwa mjomba wake Petro, aliyetengeneza saa karibu na soko, akajifunza kazi mpaka mjomba akamwachia meza.

Kilichompa jina ni kutambua kama saa ya zamani ni orijino au imeungwaungwa. Alifungua mfuniko wa nyuma, akabana lenzi jichoni, akatazama kama mashine, uso na mishale vimezeeka pamoja, na kama skrubu zina makovu ya bisibisi. Uso uliopakwa rangi upya ulimchukiza kuliko saa iliyokufa, alisema afadhali madoa ya kweli. Hata hivyo, fundi saa huyu hakuwahi kufika ibadani kwa wakati, na siku ya ndoa yake, kati ya maharusi, aliyesubiriwa ni yeye.

Mwaka 1979 alipeleka posa kwa Mzee Thadeo, mstaafu wa reli, akimtaka binti yake Costancia. Kabla ya kujibu, mzee alimletea saa yake ya mkono, aliyokuwa akijivunia kwamba ni ile ile aliyozawadiwa kazini, akitaka fundi aithibitishe ili Pasaka amrithishe mwanawe Alex mbele ya ukoo. Melkizedek akaifungua, akakuta uso ni wa saa ile, mashine ni ya saa nyingine kabisa. Mjomba Petro alimsihi afunike kombe mwanaharamu apite, kwani mke hapatikani kila msimu, naye kijana alimpenda Costancia hadi chakula hakipiti. Hata hivyo alikwenda kwa mzee faraghani, akaamkia, akasema, “Baba, uso ni wenyewe, mashine imebadilishwa.” Mzee aliona ameitwa mwongo, akamrudisha mshenga na barua yake.

Costancia akawakataa waliokuja baadaye, nyumba ikanuna. Mzee Thadeo alizunguka na saa ile kwa mafundi wengine, wa kwanza akaisifu kabla hata ya kuifungua, wa pili akaifungua na kusema yale yale ya Melkizedek. Ndipo alipokuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi la wateja, akasema, “Mwanangu, ulijua utamkosa, ukasema. Basi yeye hutamdanganya.” Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981, Kilosa, wakajaliwa Lightness, Deogratias na Happyness, na mwaka 1996 wakahamia Mikumi. Saa ile Alex anayo, ameivaa leo, na mashine ya watu inakwenda vizuri tu.

Agosti 2024 marehemu aliugua figo. Januari daktari alipowaambia watoto kwamba hakuna la zaidi, waliafikiana kumwambia baba anapata nafuu, kwa mapenzi tu, wala hatuwalaumu. Marehemu aliwasikiliza wote, kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza kama maneno yale ni orijino. Costancia alilia, akamshika mkono, akamwambia hapana. Marehemu alishukuru, siku zilizobaki akawaita wateja, akarudisha kila saa kwa mwenyewe pamoja na ukweli wake, akafariki tarehe 9 Machi 2025 akiwa nyumbani, Mikumi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mikumi waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa Kilosa waliofunga meza zao leo, na ninyi nyote, hatuna cha kuwalipa, Mungu awabariki.

Shemeji, tumekusoma na madoa yako, rangi hatukupaka. Sasa pumzika, na safari hii umetutangulia, hukuchelewa.