Bwana Hodi na Joto la Mlima

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Hodi, alizaliwa alfajiri ya Machi 14, 1949, kwenye mteremko wa mashariki wa mlima huu mnaouona nyuma ya turubai. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya ufa unaotoa mvuke, na sakafu yake ilikuwa ya vuguvugu mwaka mzima. Mama yake aliwaambia kwamba ndani ya mlima anakaa kikongwe: mvuke ni chungu chake, mtetemeko ni jiwe lake la kusagia, na kile kibonde kilicho chini ya ufa, ambako mifugo hulala isiamke, ni kitanda chake. Aliwaonya pia kwamba kikongwe huyo hapendi kuchunguzwa.

Alianza shule mwaka 1957, akitembea kilomita sita kuvuka uwanda wa mawe meusi ulioachwa na moto wa zamani. Alipofika sekondari, mwalimu wa jiografia aliwafundisha kuwa hewa nzito yenye sumu hutoka ufani, zaidi joto linapopanda, na kutuama kibondeni siku zisizo na upepo. Baba alikimbia nyumbani kumsahihisha mama yake. Mama mtu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa mimi na mwalimu wako tumetofautiana wapi? Wote tunasema usilale pale."

Mei 2, 1972 aliajiriwa na kituo cha kuchunguza mlima. Kazi yake ilikuwa kupanda kila Jumamosi, kuingiza kipimajoto ufani na kuandika namba daftarini. Mama yake alimnunia mwezi mzima. Walipatana kwa sharti moja, kwamba asipime kabla ya kubisha hodi. Mhandisi wa kituo alimcheka sana. "Unabisha hodi kwenye jiwe?" Baba akamjibu, "Kwani wewe huingia jikoni kwa watu kimyakimya?" Jina likaanzia hapo.

Alimkuta mama yetu, fundi cherehani, akifua kwenye chemchemi ya moto. Badala ya salamu, alimweleza kuwa maji yale yana digrii arobaini na sita. Mama akamwuliza, "Kwa hiyo nifue au nisifue?" Walifunga ndoa Agosti 22, 1975.

Mwaka 1986 joto la ufa lilipanda kutoka sitini na mbili hadi sabini na nne. Baba alitoa tahadhari, watu wakahama, wakalala madarasani siku tisa. Mlima haukufanya lolote. Wengine mliopo hapa mlimtania miaka mingi, na alicheka nanyi, ingawa nyumbani hakucheka. Kwa hiyo joto lilipofika sabini na tisa, mwezi Juni 1991, aliomba kwanza ruhusa ya mkuu wa kituo. Aliambiwa asubiri wahakikishe, asije akawatia aibu tena. Akasubiri. Asubuhi ya siku ya tatu, siku isiyo na upepo, mdogo wake aliteremka kibondeni kutafuta mbuzi, na hakupanda tena. Baba alisema mara moja tu kuhusu siku hiyo: "Namba nilikuwa nayo mfukoni."

Alistaafu mwaka 2009, akaendelea kupanda kwa hiari yake. Kituo kilifungwa mwaka 2018, tukaambiwa mlima utaangaliwa kwa mitambo iliyo mbali. Mwaka 2021 mapafu yake yalichoka na kazi ikamwangukia binti yake wa pili, anayesoma wasifu huu. Mvua za mwaka jana ziliposomba njia, binti huyo alishindwa kupanda. Hakuwa na moyo wa kumwambia mgonjwa, basi kila Jumamosi akabuni: sitini na mbili, sitini na moja, sitini na mbili. Baba aliandika zote. Wiki ya mwisho alifunga daftari, akamshika mkono. "Mwanangu, mlima hauna adabu ya kutulia hivi. Najua hupandi. Ila mimi nikiondoka, panda. Na usiombe ruhusa ya mtu."

Alifariki kitandani kwake Jumatano saa nne asubuhi, tukiwa tumemzunguka, tukimpepea kwa magazeti kana kwamba hewa ndiyo iliyopungua chumbani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, kipimajoto kimoja na madaftari kumi na tisa.

Jana binti yake alipanda kwa kupitia mgongo wa mlima. Alibisha hodi. Kipimajoto kilisoma themanini na moja. Akarudia mara mbili, hakikushuka. Alipiga simu ofisi inayoangalia ile mitambo ya mbali, akajibiwa aandike barua. Huenda kipimajoto kimezeeka kama mwenyewe alivyozeeka. Huenda ni mwaka 1986 umerudi, na mtatucheka. Hatuna njia ya kujua, na aliyejua ndiye huyu tunayemzika. Lakini leo hakuna upepo. Turubai hili halijatikisika tangu tulipokaa. Wenye mifugo kibondeni, tafadhali msingoje tumalize mazishi. Tumeni watu sasa hivi wakaiswage itoke, wao wakibaki juu ukingoni, na mtu yeyote asiteremke.

Baba, tumeshasema. Sasa pumzika kwa amani.