Akili ya Othmar na Vidonge vya Kifafa

Kijiwe chetu kiko mbele ya stoo ya kahawa, Mbinga mjini, pale Frederick anapouzia kahawa ya birika. Juzi nafasi ya Othmar, fundi cherehani, ilikuwa wazi. Othmar ana kifafa. Tangu mwaka jana alikuwa anameza vidonge na kuanguka kulikoma, ila akili ikawa nzito: unamuuliza neno, jibu linakuja umeshamaliza kikombe. Vipimo vya wateja vikawa vinampotea. Wiki iliyopita akaacha dawa. Jumatatu akaangukia pasi ya mkaa.

Protasi, tunayemwita Wakili, alikuwa amefura.

— Zile dawa ndizo za kushtakiwa. Mtu alikuwa na kiuno cha kila mama wa mtaa huu kichwani, leo anashona shati mikono haifanani.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Frederick. Labda zilimtuliza.

— Fundi anatulizwa? Mtoto anasubiri gauni la komunyo, wewe unaniletea baraka.

Cuthbert, dereva wa lori la makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka, huyo ndiye Injinia wetu.

— Ubongo ni injini. Kidonge kinafunga breki, hakichagui tairi. Kinazuia kifafa, kinazuia na akili.

— Kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa baridi, Wakili akadakia.

— Kwani huku Mbinga milimani kuna joto? Injinia akauliza.

— Nasema baridi ya theluji. Na hao wanaotengeneza dawa wanafanya makusudi. Mtu mzito wa akili haulizi bei. Tukimezeshwa wote, kahawa yetu itauzwa kama pumba. Mficha uchi hazai, mimi nasema wazi.

Hapo akafika Ottilia, mke wa Othmar, anatoka hospitali.

— Pole, shemeji, karibu ukae, alisema Frederick.

Hakukaa.

— Mkono wa kulia umeungua vibaya. Daktari amekasirika. Anasema ule uzito wa akili wanaujua, angeambiwa angepunguza dozi au angembadilishia dawa. Kuacha ghafla ndiko kumemwangusha.

— Hata sisi tulikuwa tunasema hivyohivyo, shemeji, Wakili akadakia.

— Mnasema hivyo leo. Othmar anakumbuka kuna mtu wa benchi hili alimwambia, "Tupa hivyo vidonge urudi kuwa mtu." Jina ndilo limempotea. Ni nani?

Injinia akatazama lori lake. Wakili akaanza kukung'uta vumbi la suruali. Frederick akainamisha birika kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekiomba, likatoa masimbi ya chini ya birika tu. Ottilia alibaki amesimama, anatutazama mmoja mmoja.