Kati ya Picha Mbili

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi walikaa mama mshonaji na kinyozi, hawajuani, ila wote wametoka kutazama filamu moja, iliyotokana na kitabu cha katuni.

"Wamekifuata kitabu vizuri," kinyozi akasema. "Hata kovu la kidevuni hawakulisahau."

"Kaka, wameharibu. Kitabuni, picha ya kwanza mume anabisha mlango. Picha ya pili mke anakunywa chai peke yake. Maana yake hakumfungulia."

"Au alimfungulia, dada, akamnyima chai."

"Kwenye filamu kamfungulia, tena anacheka. Nani kawaambia?"

Kinyozi akasema mtu hawezi kusimamishwa mlangoni filamu nzima. Mimi, wajukuu zangu, nilimsimamisha marehemu babu yenu muda mrefu kuliko huo, lakini sikuulizwa.

"Picha hizo mbili ndizo zilizonipa moyo," mshonaji akasema. "Mume wangu aliondoka kwa hasira, akarudi kubisha, sikumfungulia. Huu mwaka wa pili. Tiketi ya filamu ya leo kanunua yeye, na jibu la kurudiana anangojea kituoni."

"Kumbe filamu yenyewe ndiyo mshenga."

Basi likasimama. Mume alikuwepo, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Mshonaji akamtazama dirishani, akashika mkoba, akauachia.

"Kaka, yule mke wa kwenye filamu, alipofungua alisema nini? Hasira haikuniacha nisikie."

"Hakusema kitu, dada. Alisogea tu, akampisha."

Dereva akafungua mlango, akangoja.