Mzee Mulinge na Lori Lililokunywa Dizeli Kidogo Mno

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2008, baada ya miaka kumi na tisa katika yadi yetu ya malori hapa Kitengela, Mzee Mulinge Katee anastaafu.

Alikuja mwaka 1989 kama fundi wa pampu na nozeli za kurushia dizeli ndani ya injini, na kisanduku cha spana mkononi. Wengi tulidhani ni mtu wa kununa. Kumbe alikuwa anasikiliza. Lori likiingia getini, yeye bila kuinua kichwa husema, "Nozeli ya nne inatema." Ukifungua, ni ya nne.

Dizeli ilipopanda bei mwaka 1994, Bw. Waweru, mwenye yadi, alimpa kazi ya kupunguza matumizi. Safari ya kupeleka saruji Namanga na kurudi ilikuwa inakula lita mia moja na kumi. Mzee Mulinge aliwafundisha madereva mambo mengi mazuri, na moja baya: wakiteremka waweke nyutro, yaani watoe gia kabisa, injini ipumzike. Tunaliandika kwa sababu yeye mwenyewe ametuomba tuliandike.

Machi 1996, dereva wetu Mwololo aliuteremka mteremko wa kabla ya Bissil akiwa nyutro. Breki zilipata moto, zikakataa, lori likapinduka. Alifariki papo hapo.

Lori lilitengenezwa, akapewa dereva mwingine, Jeylani Abdille. Safari yake ya kwanza, lilienda Namanga na kurudi kwa lita sabini. Mimi, karani wa mafuta, nilipima tangi mara mbili. Safari ya pili, sabini tena. Bw. Waweru alifurahi, akataka malori yote yafanywe hivyo. Mzee Mulinge alifungua pampu, nozeli, hadi giaboksi. Kila kitu kilikuwa cha kawaida. Injini ile haikuwa na uwezo wa kuvuta mzigo ule kwa dizeli ile. Akaanza kukosa hamu ya chakula.

Hatimaye Jeylani alimwambia ukweli. "Fundi, gia inatoka yenyewe pale karibu na Bissil. Mimi siigusi, wallahi. Halafu gari inapanda kilima injini ikiwa imenyamaza."

Kesho yake walienda pamoja. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na ng'ombe kando ya lami walisimama wote bila kutafuna. Juu ya mteremko, Mzee Mulinge aliuona mkono wa gia ukisogea polepole, kama unasogezwa na mtu mwangalifu, hadi nyutro. Mikono yote miwili ya Jeylani ilikuwa kwenye usukani. Lori liliteremka, tairi tu zikisikika, likafika chini, likaanza kupanda upande wa pili kwa mwendo uleule. Jeylani alikanyaga breki. Halikupunguza mwendo.

Mzee Mulinge aliweka kiganja juu ya mkono wa gia. Anasema ulikuwa na joto, na halikuwa joto la chuma.

"Mwololo," akasema, kwanza kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili ili Jeylani naye asikie, "mimi ndiye nilikufundisha vibaya. Ukiteremka ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, pampu inafunga dizeli yenyewe. Nyutro haiokoi kitu. Nilijua nikiwa nimechelewa. Sasa wacha. Umetusaidia vya kutosha."

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha mkono wa gia ukalegea. Jeylani akaingiza gia, injini ikanguruma, na lori likawa zito.

Safari hiyo lilikula lita mia moja na tisa. Nilipomsomea, fundi alinishika mkono, asiuachie. Jumamosi yake alienda kwa Munyiva, mjane wa Mwololo, akarudia maneno yaleyale mbele yake. Hakutuambia alijibiwa nini.

Kuanzia hapo nyutro ilipigwa marufuku. Aliokoa dizeli kwa njia ndefu: filta safi, nozeli zilizopimwa, tairi zenye upepo wa kutosha, na miguu isiyokanyaga ovyo. Kufikia 2001 malori yetu yote yalienda Namanga na kurudi kwa lita tisini. Hata Parmuat wa Kimuka, aliyekuja kujifunza kwake akiwa na lori moja na karibu aliegeshe kwa sababu ya mafuta, bado analo barabarani. Wala hakuna dereva wetu mwingine aliyefia kwenye njia ile.

Lori la Mwololo bado liko kwa Jeylani. Anasema gia hukaa mahali pake. Ila wakikaribia mteremko, kiti cha kushoto, kisichokaliwa na mtu, hubonyea taratibu, na hakinyanyuki hadi wavuke kilima. Jeylani humsalimia Mwololo, wakaendelea na safari.

Mzee Mulinge anahamia Entarara kulima vitunguu na mkewe. Mzee, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa kukubali kosa lako mbele yetu. Nenda na amani, mvua ikukute umeshapanda, na usingizi wako uwe mzito.

Evalyne Maweu, karani wa mafuta, kwa niaba ya wafanyakazi wote