Mkono Uliozaliwa na Adabu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wenzetu Waislamu, asalaam aleikum. Mwenyekiti kanipa dakika chache za kutoa shukrani, na mnanijua, nauza vitenge pale Kwa Mathias, mdomo ndio mtaji wangu. Basi mnivumilie. Leo nina furaha mpaka chai imenishinda kunywa.

Mwanangu ni yule wa gauni la njano, anayewasumbua hapo kwenye jamvi. Nilipojifungua nilikwenda kulelewa uzazi kwa mama mkwe wangu, Maneromango. Jina silitaji, lakini mkiona mtu kajifunga kilemba pale mbele na anakwepa macho yangu, ndiye. Ni mama wa adabu. Nyumbani kwake ukipokea kitu kwa mkono wa kushoto unarudishwa mlangoni uanze upya, hata kama una ndevu.

Mtoto alipofika miezi sita hivi, akaanza kushika vitu. Ukimpa kijiko, anapokea kwa mkono wa kulia. Ukimpa kipande cha muhogo, wa kulia. Hata ukimwekea upande wa kushoto, anajipinda mwili mzima ili ule wa kulia uvuke kifua ukachukue. Wa kushoto kaukunja ngumi, kidole gumba kimejificha ndani.

"Huyu mke mwenzangu kazaliwa na adabu," mama mkwe akasema. "Hajafundishwa na mtu."

Ndugu zangu, nawaambia, majirani waliitwa kuja kuona. Kila mmoja anajaribu kumpa kitu upande wa kushoto, mtoto anapokea kwa kulia, watu wanapiga vigelegele. Mimi nimekaa pembeni, kichwa kimevimba. Nikampigia baba yake simu, nikamwambia tumezaa mke wa mchungaji.

Niliporudi nyumbani Kibaha nikampeleka kliniki kupima uzito. Siku hiyo alikuwepo dada mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanikuta namsifia mtoto wangu kwa kina mama wenzangu. Wote wakacheka, yeye hakucheka.

"Mama, mtoto wa umri huu hajui adabu," akaniambia taratibu. "Anatakiwa achukue kwa mkono wowote ulio karibu. Akichagua mmoja mapema hivi, tunauangalia ule mwingine."

Akanikalisha mbele ya meza ndogo, mtoto mapajani. Akaweka kichezeo kulia, kikachukuliwa. Akaweka kushoto, mtoto akajipinda kama kawaida yake. Kisha akaushika ule wa kulia kwa upole na kumwonyesha kichezeo tena. Mwanangu alikitazama, akakitaka, akalia. Mkono wa kushoto haukwenda. Pale ndipo nilipouona kwa mara ya kwanza, na mtoto nimemwogesha mwenyewe kila siku.

Baada ya daktari kumpima, tukaambiwa ni mtindio wa ubongo, umegusa upande mmoja. Nililia jamani. Niliona mkono wa mwanangu umekwenda, basi. Yule dada akaniacha nikalia, halafu akasema ukweli wake: hali hii haiondoki, lakini ubongo wa mtoto mchanga bado unajifunza, na mkono unaopewa kazi mapema unapata kazi. Tumewahi, akasema.

Neno hilo nililibeba kama yai. Tukaanza. Wakati wa kucheza tunamvalisha soksi laini mkono wa kulia, vitu vyote vinakwenda kushoto. Nafurahi yeye analia, au yeye anafurahi mimi nalia.

Sasa, mama mkwe akaja kututembelea. Akafungua mlango, akanikuta nambembeleza mjukuu wake achukue muhogo kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama."

Marahaba haikuja. "Unamfundisha nini mtoto wangu?"

Sikubishana. Nikamwambia, mama, kaa umpe wewe. Akampa. Ule wa kulia umefunikwa, wa kushoto umelala, mtoto anamtazama bibi yake machozi yanamtoka. Mama mkwe akaacha muhogo. Akauchukua ule mkono, akaufungua kidole kimoja kimoja, akakitafuta kile kidole gumba mpaka akakitoa. 

"Kumbe tulikuwa tunapigia ugonjwa vigelegele," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana mimi nilikuwa nachoka. Bibi hachoki. Alikuja na vifuu vya nazi, akamfundisha kuvigonganisha, kimoja huku, kimoja huku, huku akimwimbia. Na akatangaza mbele ya ukoo mzima: "Katika nyumba yangu, adabu ya mkono wa kushoto imesimamishwa mpaka niseme." Mawifi na mashemeji wakaanza kupokea sahani kwa kushoto makusudi. Akawavumilia, kwa shida.

Ngumi ikaanza kulegea. Siku aliyokamata kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili, akakiangusha, akakikamata tena, mimi na baba yake tulicheza sebuleni bila muziki.

Ushukuriwe Mungu. Nakushukuru dada wa mazoezi, wewe ambaye hukucheka. Nawe mama, ulipoona ukweli hukuona haya kugeuka. Wazazi wenzangu, wawekeeni watoto kitu kulia, wawekeeni na kushoto, mtazame. Mkono mmoja ukikaa kimya, msiusifu, msiufiche. Wahini kliniki.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini hebu geukeni kidogo. Kachukua andazi kwenye sinia, anampelekea bibi yake. Utazameni mkono, ni wa kushoto. Polepole mwanangu, usikimbie. Limeanguka. Muacheni, msimwokotee. Ataliokota.

Kaliokota, kwa ule ule.

Na mnamwona bibi? Kasimama, na anapokea andazi la vumbi kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, mke mwenzangu."

Sasa, hivi vigelegele ndivyo vyenyewe. Pigeni.